Kiganja Kimoja Kulia

Hebu mwone anavyoingia. Mlango wa gereji ni mfupi na yeye ni mrefu, kwa hiyo anainama kwanza, anakohoa, ndipo anapiga hodi akiwa tayari yumo ndani. Vumbi la mbao limemganda kwenye nyusi. Penseli iko nyuma ya sikio. Miwani, ambayo daktari alimkataza kuivua, imo mfukoni. Huyo ni seremala wa mtaa wetu, na milango mingi ya hapa imepita mikononi mwake. Lakini wenye mashamba kule bondeni hawamjui kwa milango. Wao wanamwita Mzee Moja, kwa sababu nguruwe mwitu wakivamia mahindi huitwa yeye na bunduki yake, na mlio wa pili hausikiki.

Ulikuwa hausikiki, niseme hivyo. Msimu uliopita ulisikika wa pili, ukasikika wa tatu, na nguruwe akaondoka zake mzima, tena bila haraka. Wakulima hawakumlaumu. Walimsindikiza hadi barabarani, wakamshukuru sana, na shukrani zile ndizo zilizomuuma.

Aliporudi nyumbani alimwambia mkewe kwamba macho yamefika mwisho wa safari. Binti yao wa mwisho akasikia. Binti huyo ndiye mke wa fundi pikipiki mwenye gereji hii, na kibali cha bunduki kina jina la mzee na jina la mkwewe pia. Mke na mume wakashauriana, wakamnunulia darubini ya kufunga juu ya bunduki, ile ambayo ukichungulia unaona msalaba mwembamba, na mnyama amekuja karibu kama vile umemwita kwa jina. Mzee aliipokea kwa sharti alilojiwekea mwenyewe. Wangekwenda kuijaribu kwenye machimbo ya mawe yaliyoachwa. Akishindwa kugonga shabaha, bunduki inakwenda kwa mkwe moja kwa moja, na yeye bondeni hakanyagi tena.

Hapo lazima nikueleze habari za bunduki yenyewe. Ilikuwa ya kaka yake, marehemu sasa, aliyemtangulia kwa kuzaliwa na karibu kwa kila kitu. Enzi za ujana wao iliwaponyoka juu ya jiwe wakivuka mto, na kile chuma kidogo cha kulengea kilichoko mdomoni mwa mtutu kikapinda. Tangu siku ile ikawa inatupa risasi kushoto. Mtu mwingine angeipeleka kwa fundi. Kaka mtu alicheka, akasema bunduki ni kama punda, ukishajua inakovutia utafika nayo. Akawa anakwenda kusimama kando ya kisiki, anabandika kiganja chake juu yake, kisha anamwita mdogo wake aliyelala kwenye majani makavu kule mbali: hapa ndipo alipo mnyama, na hapa, kiganja kimoja kulia, ndipo pa jicho lako. Halafu anatoka, mdogo mtu anafyatua. Wakimaliza walilala chali wakagombania kipande cha muwa. Mzee husema kaka yake alikuwa na kicheko kinachoanza kama kikohozi, na kwamba mpaka leo akipiga goti kulenga hukisikia nyuma ya bega.

Basi, wakaenda machimboni. Mkewe alibeba mwavuli na chupa ya chai. Shabaha ilikuwa mlango wa kabati uliokataliwa na mteja, wameusimamisha mbele ya ukuta wa mawe na kuuchora mduara wa chaki. Mkwe alimwonya baba mkwe wake asisogeze jicho karibu na darubini, maana bunduki hupiga teke. Mzee akaitikia vizuri kabisa, akasogeza jicho, na mlio ulipotoka akabaki ameshika paji la uso.

"Umri huu unabusiwa na chuma," mkewe akamwambia, "na mimi nimekaa hapa na mwavuli."

Wakacheka wote, naye pia. Lakini walipotazama mlango, tundu lilikuwa nje ya mduara. Akarudia, mara hii jicho mbali kama alivyoelekezwa. Nje ya mduara. Akarudia tena, polepole, akivuta pumzi mpaka mabega yakatulia. Nje. Sasa hakuna aliyecheka. Binti alijifanya anatafuta vikombe kwenye kikapu.

Mzee alisimama, akaitoa risasi iliyobaki, akampelekea mkwewe bunduki kwa mikono miwili.

"Chukua, mwanangu. Mimi nimemaliza."

Mkwe akaficha mikono nyuma kama mtu anayepewa chungu cha moto. Mzee akaendelea kuinyoosha. Walikuwa bado wamesimama hivyo, mmoja anatoa na mwingine hapokei, mama mtu alipokuwa ameshafika kwenye mlango wa kabati. Aliutazama kwa muda mrefu. Akabandika kiganja katikati ya mduara, akakitoa, akakibandika tena. Kisha akaita.

"Baba watoto, hebu njoo."

Matundu yalikuwa yamekaa pamoja, kikombe kingeyafunika. Na kati yake na kitovu cha mduara palienea kiganja cha mkewe, na nafasi kidogo ikabaki.

"Asiyeona hawezi kukosea mahali pamoja kila mara," mkewe akasema. "Ulikuwa unalenga wapi?"

"Pale pa siku zote."

"Pale pa shemeji?"

Mzee akatazama kiganja cha mkewe. Aliyejibu alikuwa mkwe, ameshika kichwa. Alieleza kwamba darubini haina habari na kile chuma kilichopinda. Aliinyoosha darubini mwenyewe kwa skrubu zake, hapo hapo machimboni, siku mzee alipokwenda kumfungia mtu dirisha, na msalaba ulipo ndipo risasi inapokwenda. Alidhani baba anajua. Na baba alidhani bunduki ni ile ile, imevaa miwani tu. Mazoea yana taabu, jamani. Msimu uliopita, kabla ya darubini, shida ilikuwa macho tu, nguruwe hakuonekana vizuri. Ila mkono wenyewe haukuwahi kupotea.

Akarudi, akapiga goti. Baadaye aliniambia kwamba kuutoa ule msalaba pembeni na kuuweka katikati kulimpa shida kuliko kuona. Ilikuwa kama kufunga mlango wakati kuna mtu bado yuko nje. Mkono uligoma, ukagoma, halafu ukakubali. Mlio ukatoka. Chaki ikaruka katikati ya mduara.

Binti akapiga kigelegele, mama akamimina chai mpaka ikafurika kwenye kisahani. Mzee Moja alikuwa amerudi. Lakini yeye alibaki na goti chini, amegeuza kichwa kidogo kama mtu anayesikiliza nyuma yake. Kisha akamwuliza mkwewe taratibu kama hizo skrubu za darubini zinaweza kuzungushwa ili bunduki itupe kushoto, kama zamani.

"Zinaweza," mkwe akasema. "Lakini baba, uharibu kitu kilichonyooka?"

"Na siku ukimwachia mume wangu?" binti akadakia. "Abebe kiganja cha mtu ambaye hakumwona hata siku moja?"

"Nitamfundisha. Mimi si nilifundishwa?"

Mama watoto, aliyemfahamu vizuri shemeji yake, akaangalia ndani ya kikombe. Mkwe akatoa sarafu mfukoni, akaiingiza kwenye mfereji wa skrubu, akatulia, macho kwa mkewe, macho kwa baba mkwe. Kule bondeni mahindi yalikuwa yameanza kubeba.

Sasa niambie wewe uliyenisikiliza muda wote huu: sarafu ile ingekuwa mkononi mwako, ungeizungusha?