Nilivyousingizia mursik wa mama siku ya CPE

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Naona wazazi wengi wanaulizia dawa ya watoto wanaoogopa mtihani. Nami nina yangu, ya mwanzoni mwa miaka ya sabini. Sitatia chumvi, aibu iliyomo inatosha.

Nilisoma shule ya estate ya majani chai, upande wa Kericho. Baba alishafariki, mama alikuwa mchumaji, tukiishi kwenye kambi ya wafanyakazi.

Nilikuwa namba moja tangu standard five. Nikienda bombani kuteka maji naambiwa, "Huyu ndiye wetu wa sekondari." Nilijifanya sisikii, lakini kichwa kilikuwa kimevimba.

Mwalimu wetu wa hesabu, Mwalimu Okoth, mtu wa kutoka ziwani, alikuwa na mbinu moja. "Nyinyi ni watoto ya wachumaji. Mama yako anang'ang'ana na jani ngumu? Anaacha, anachuma laini. Mtihani ni hivyo hivyo. Ruka, utarudi."

Siku ya CPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mama aliniteremshia kibuyu chake cha mursik.

(Kwa msiojua, ni maziwa yaliyolazwa siku kadhaa ndani ya kibuyu kilichosuguliwa kwa mkaa. Kwetu Wakipsigis, usafi wa mwanamke unapimwa hapo.)

Alikuwa ameniwekea huo mursik wiki nzima. Nikanywa vikombe viwili. Ulikuwa mtamu, wakuu. Shikeni hapo.

Swali la kwanza la hesabu likanishinda. Tangi, mfereji mmoja unajaza, mwingine unamwaga.

Ningeruka. Lakini namba moja mzima aruke swali la kwanza? Nikang'ang'ana nalo mpaka nikasikia wenzangu wakifungua ukurasa wa pili. Jasho likanitoka, macho hayaoni tena tarakimu.

Nikatapika juu ya karatasi.

Msimamizi akanitoa nje. Mwalimu Okoth alikuwa kwenye geti, akaja mbio. "Kijana, umekula nini asubuhi?"

Ningesema nimeogopa. Neno moja tu.

Nikasema, "Mursik ya mama. Ilikuwa imeharibika."

Habari ilifika kambini kabla yangu. Nilimkuta mama nje ya nyumba, kibuyu mapajani, anakinusa, anakiweka chini, anakinusa tena.

"Sikukisafisha vizuri?" akaniuliza.

Nikatikisa kichwa kukubali. Mpaka leo nikikumbuka hapo natamani ardhi inimeze.

Wanawake wa kambi wakaacha kunywa kwake. Hakuna aliyemtukana. Walisema tu wameshiba.

Nilirudia darasa. Mwaka uliofuata swali la kwanza lilikuwa gumu vilevile. Nikaweka kalamu chini, nikavuta pumzi mara tatu, nikaruka. Nikachuma yaliyo laini, kisha nikarudi. Nikapita, nikaitwa sekondari.

Sasa, kwetu mtoto akishinda, mama yake humnywesha mursik mbele ya watu. Siku hiyo uwanja ulijaa.

Mama akaenda kwa jirani yetu, Mama Chebet, akamwomba kibuyu.

"Mnyweshe wewe," akamwambia. "Yangu isije ikamdhuru tena."

Nikanywa kutoka mkono wa Mama Chebet. Mama alisimama nyuma ya wenzake, anaimba kuliko wote.

Nafasi ya kusema ukweli ilikuwa hiyo. Watu walikuwepo, yeye alikuwepo. Nikafuta mdomo, nikamshukuru Mama Chebet.

Baadaye nikawa mwalimu. Mtoto akitapika kwenye mtihani nilimwambia, "Ni woga tu, hata mimi ulinipata." Watoto wa watu niliwaambia miaka yote hiyo. Mama sikumwambia.

Wazazi, wafundisheni watoto kuruka swali gumu na kurudi. Lakini kwanza wafundisheni kusema "naogopa", na wakisema, msiwacheke. Na msiwape vyeo vya bombani kabla ya mtihani.

Mlioficha kitu kama hiki, andikeni hapa chini tusaidiane. Wa kunisuta pia karibuni, sina pa kujificha.

Mama tulimzika miaka mingi iliyopita. Kile kibuyu tulikikuta chini ya kitanda chake, kikavu. Alikuwa amekiosha.