Ametema damu miaka sita, akaambiwa apunguze chumvi

Saa moja asubuhi Mkasi ameshaketi kwenye cherehani yake, dirisha la pili la karakana ya sare za shule, anapachika kola nyeupe. Kila akimaliza moja anaiinua kwenye mwanga, anaigeuza, anaikagua.

"Natafuta damu," anasema. "Mazoea tu. Zamani nilikuwa naikuta."

Ana miaka 47. Jina la Mkasi alipewa na mafundi wenzake kwa sababu alikata uzi kwa meno, haraka kuliko wenye mikasi. Miaka saba iliyopita fizi zikaanza kuvuja damu. Siku moja msimamizi alimrudishia kola kumi na mbili zenye madoa, mbele ya watu.

Mwaka huohuo akagundulika ana presha. Kila mwezi akapanga foleni kliniki, kila mwezi kifaa kikasoma 170, mara 180, na kila mwezi swali likawa lilelile: umeacha chumvi?

"Niliacha. Wanangu wakawa wanakula mboga kama wagonjwa wa wodini. Nesi akanitazama juu mpaka chini, akasema, 'Mama, chumvi unaila kwa siri.' Mtu mzima mimi, nimekuwa mwizi wa chumvi."

Kuhusu fizi aliwaeleza mara tatu. Akajibiwa kwamba pale ni presha, meno ni jengo la pili. Huko jengo la pili wakamng'oa meno manne kwa nyakati tofauti, wala hakuna aliyemuuliza anameza dawa gani. Kati ya milango hiyo miwili pana hatua arobaini. Amezihesabu.

Mwaka jana alikwenda kung'oa la tano, akamkuta tabibu mgeni, binti wa rika la mwanawe. Kabla ya kushika sindano, binti akampima presha: 190 kwa 110. Akakataa kung'oa.

"Akaniambia, 'Mama, ugonjwa wa fizi hauishii mdomoni. Ule uvimbe wa fizi unaweza kuisumbua hata mishipa ya damu. Dawa za presha usiache, ila na fizi tuzitibu.' Nikalia. Si kwa maumivu, kwa hasira. Miaka sita yote hiyo, kumbe presha na mdomo ni vya mwili mmoja, ila wao wamenigawa."

Binti akamshika mkono, akamvusha mwenyewe hadi kliniki. Dawa zikaongezwa. Ugaga, ule uchafu mgumu wa meno uliojificha chini ya fizi, ukasafishwa kwa awamu nne. Wiki iliyopita presha ilisoma 136. Tabibu anasema ni dawa na fizi pamoja, hawezi kugawa sifa.

Mkasi hakunyamaza. Siku za kliniki huwauliza wenzake kwenye foleni, "Shoga, ukipiga mswaki unatema damu?" Nesi yuleyule alimwambia akae chini, aache kutisha watu. Alikaa, akaendelea kuuliza. Mwezi wa kwanza tu wa kuuliza hivyo, wanawake kumi na mmoja walivuka kwenda jengo la pili.

Sasa ameandika barua kwa mganga mkuu, mafundi kumi na tisa wameitia saini. Wanataka kadi ya presha iwe na mstari mmoja wa fizi. Hajajibiwa.

"Alhamisi naipeleka tena, naingia na mdogo wangu. Naye anatema damu, naye anaambiwa chumvi. Mwaka huu wataandika fizi kwenye kadi yake, hata kama ni pembeni kwa kalamu."