Kikombe cha Adélaïde

Télesphore alirithi kwa baba yake kanuni moja: hanywi kinywaji ambacho mwenye kukitoa hajakionja kwanza mbele yake. Ni heshima ya Bushi, nchi ya Washi, na mtaa wao wote wa Bagira uliishika. Aliivunja mara moja tu, alipolala na homa ya mafua, katika miaka ile ambayo kila mwenye cheo mjini Bukavu alitaka kushonewa abakosti, ile suti isiyovaliwa tai.

Yeye alikuwa fundi cherehani. Jirani yake Adélaïde, mjane aliyeuza ndizi, alimletea kikombe cha uji wa mtama mke wake alipokuwa sokoni. Télesphore alikuwa akielea ndani ya homa. Kuta zilipumua, na ukungu wa ziwa ulikuwa umeingia chumbani ukakaa kitini kama mgeni. Adélaïde hakuonja, naye hakumkumbusha. Alikunywa.

Homa ikapita, akarudi kazini. Baada ya siku chache vidole vya miguu vilimwasha kana kwamba siafu wanatembea ndani yake. Kisha pedali ya cherehani ikawa laini kama pamba. Alikanyaga bila kujua kama amekanyaga. Ilikuwa kama kuingia ziwani taratibu, maji yakipanda hadi magotini, hadi mapajani. Asubuhi moja alitaka kushuka kitandani, miguu ikakataa.

Anaclet, kaka ya mke wake, hakuhitaji kufikiri.

“Ni karuho, beau,” alimwambia shemeji yake, akitaja sumu ya polepole inayoogopwa na mji mzima. “Ulikunywa kwa ule mama bila yeye kuonja?”

“Nilikunywa.”

“Basi! Hata mutoto mudogo wa maternelle anajua. Unapenda uji kuliko maisha?”

Akatoka kuwaambia majirani kabla hajanawa uso. Mama aliyemhudumia mgonjwa wakati ndugu zake wako mbali akageuka mwuaji, na mgonjwa mwenyewe akaamini hivyo.

Hospitalini daktari aliuliza ugonjwa ulianzaje.

“Walinipa sumu, munganga. Mu uji.”

“Na mbele ya kunywa ule uji, ulikuwa namna gani?”

“Mbele ya uji nilikuwa muzima.”

Hakuona kwamba anadanganya. Kwake mafua hayakuwa ugonjwa. Basi daktari akatafuta sumu kwenye damu na mkojo, asiione, huku ganzi ikifika mikononi. Télesphore alilala akitazama dari, na dari ikasogea polepole kama mawingu juu ya mto Ruzizi. Mke wake, Euphrasie, alikuja akilia: huko Bagira walikuwa wakirusha mawe juu ya paa la Adélaïde.

Daktari akarudi na nyundo ndogo ya mpira, akagonga goti. Goti halikushtuka.

“Iko na usingizi kuliko mulinzi wa hapa,” Télesphore alisema, na muuguzi akacheka.

Daktari hakucheka. Alimgeukia Euphrasie. “Maman, ule uji walimuletea juu ya nini? Alikuwa na njaa?”

“Hapana, munganga. Alikuwa na grippe, mafua ya nguvu. Hakuweza kutafuna kitu.”

Daktari akaweka nyundo chini. Alichota maji kidogo kwenye uti wa mgongo; yalikuwa na protini nyingi, bila dalili ya vijidudu. Akawaeleza kwamba mwili ulipopigana na mafua ulikosea adui, ukaanza kushambulia mishipa yake wenyewe ya fahamu. Sumu haikuwepo. Watailinda pumzi yake, na miguu itarudi, lakini polepole.

“Uende sasa hivi,” Télesphore alimwambia mke wake. “Uwaambie wamuache.”

Euphrasie alipanda basi dogo la Bagira mchana uleule. Alikuta mabati yameng’olewa, na Adélaïde ameshaondoka kwenda kwa ndugu zake Luberizi, amebeba godoro kichwani. Hakuna aliyejua kama angerudi. Hakurudi.

Télesphore alitembea tena, kwanza kwa fimbo, kisha bila fimbo. Neno lake kwa daktari, kwamba kabla ya uji alikuwa mzima, lilichelewesha ukweli, likamgharimu Adélaïde nyumba yake, kazi yake na jina lake mtaani.