Mguu wa Mwenye Ng'ombe

Mume wangu alirudi kutoka kulinda amani nje ya nchi akiwa na mguu mmoja, na tangu siku hiyo kila mtu Bariadi akawa na maoni juu ya ule mwingine. Gari lao lilikanyaga bomu. Jeshi lilimtibu, likampa mguu wa bandia, akajifunza kutembea nao uani kwetu Somanda huku akiniringia. Lakini kigutu, kile kipande cha mguu kilichobaki, hunywea kadiri muda unavyokwenda. Mguu ukaanza kulegea na kumchubua hadi damu, akarudia magongo. Tukaomba mwingine jeshini. Tukaambiwa tusubiri, na mimi kusubiri sikuzaliwa nako.

Msaada hatukuukataa. Hilo niliseme mapema, maana kuna waliomwita mume wangu mwenye kiburi. Alipokuwa amelazwa, majirani wa shamba letu la Kasoli walitulimia pamba yote. Walikuja na majembe yao na nyimbo zao, nami nikawapikia. Hayo ni ya leo kwangu, kesho kwako. Kilichotutia majaribuni ni mnunuzi mmoja wa pamba, mtu mkarimu kweli, aliyetangaza kwamba atamnunulia shujaa mguu mpya. Angemkabidhi siku ya gulio, jukwaani, kwa kipaza sauti, na watu wangegawiwa kofia zenye picha. Picha ya mnunuzi, si ya mume wangu.

Baba mkwe alishakubali. Alituita Kasoli, tukamkuta kwenye kigoda chake. Nikapiga goti nikamwamkia, akaitikia huku akimtazama mwanawe. Akasema mguu ni mguu, hauulizi umetoka mfuko gani. Mume wangu akajibu polepole kwamba jirani aliyemlimia, naye ataweza kumlimia siku yake, lakini huyu mnunuzi atamlipa nini?

"Nitakuwa napanda jukwaani kila akinihitaji," alisema. "Baba, huu mguu sikuupotezea kwake."

Mzee akafura. Akamuuliza kama anataka kuzeekea kwenye magongo kwa ajili ya maneno. Mume wangu akainamisha kichwa, na nikakijua kile kichwa kilichoinama. Ni cha mtu anayekaribia kukubali. Hapo hasira ikanipanda. Mkamwana hajibizani na baba mkwe, najua, nilifundwa. Kwa hiyo nilibaki palepale chini, ila mdomo wangu haukupiga goti.

Nilimuuliza juu ya mchungaji wake wa zamani, yule aliyevunjwa paja na dume malishoni. Kisa hicho mzee hukisimulia mwenyewe kwenye kila harusi: jinsi alivyouza ng'ombe ili amtibu, na jinsi alivyowarudisha majirani waliokuja na mchango.

"Baba, kwa nini uliwarudisha?"

"Ng'ombe walikuwa wangu," akajibu upesi, maana hapo ndipo penye sifa yake.

Kwetu hakuna anayebishana na jambo hilo: mchungaji akiumia, mwenye ng'ombe ndiye anayemtibu. Ukiwaachia majirani wamtibu, hutapata wa kukuchungia tena. Mzee akamtazama mwanawe, akayatazama magongo, akaniambia niinuke.

Kesho yake asubuhi alifika Somanda amevaa koti lake la harusini, tukaongozana kwenda ofisi ya jeshi pale mjini. Nilikuwa nimejiandaa kugomba, lakini hakunipa nafasi. Afisa, dada mmoja mpole, alitueleza habari za foleni na za makao makuu. Mzee akamsikiliza mpaka mwisho, kisha akavua kofia.

"Mwanangu, huyu alikuwa anachunga ng'ombe wenu," alisema. "Kaumia malishoni kwenu. Sisi hatujaja kuomba."

Yule dada ni Msukuma kama sisi, hakuhitaji kufafanuliwa. Akapiga simu Dar es Salaam mbele yetu, na majuma yaliyofuata akaendelea kupiga bila sisi kumkumbusha. Mnunuzi naye, mzee alimwendea mwenyewe, akamshukuru, akamwambia kama moyo bado unamsukuma, zahanati yetu ina upungufu wa vitanda. Vitanda vikanunuliwa, kofia zikagawiwa. Ninayo moja, naivaa nikipalilia.

Wito ukaja. Mume wangu akaenda hospitali ya jeshi, akapimwa upya, akarudi na mguu uliomkaa sawasawa. Nililia stendi mbele za watu na sikuona aibu hata kidogo.

Msimu wa pamba ulipofika, alikataa gunia letu libebwe kwa baiskeli. Alijitwika begani mwenyewe, akatembea nalo toka shambani hadi kwenye mizani ya gulioni, nami nyuma yake nikipiga vigelegele mpaka koo likakauka. Watu wakampisha njia. Mnunuzi alikuwa palepale kwenye mizani, akacheka kwa furaha ya kweli, akauliza ni nani aliyempa mguu mzuri namna ile.

Mume wangu alilitua gunia kwanza, akasimama wima kama yuko kwenye gwaride. Kabla hajafungua mdomo, mzee alimjibia kutoka nyuma yetu, kwa sauti iliyofika gulio zima.

"Mwenye ng'ombe," alisema.