Nguzo Chini ya Sitaha ya Juu

Pale karakana ya boti walimwita Mama Nguzo, na hawakuwa wanamsifu. Alikuwa mwanamke wa makamo, mpana wa mabega, mwenye kazi moja tu duniani: kusimamisha nguzo chini ya kitu kizito ili kisimwangukie mtu anayefanya kazi chini yake. Kazi hiyo alifundishwa na baba yake, ambaye hakumpeleka shule kwa sababu, alisema, boti haiulizi cheti. Hapo mzee alisema kweli. Wanaouliza cheti ni wengine wote.

Baba huyo huyo ndiye aliyemwozesha kwa seremala wa karakana, kijana mwenye mikono mizuri na maneno mazuri zaidi. Wakakaa wote nyumbani kwa mzee. Mzee alipofariki, nyumba ikawa ya binti yake, ila watu wa mtaani walikwisha kuzoea kusema "kwa Fundi", kwa jina walilomwita mumewe. Wakasema hivyo miaka na miaka. Siku Fundi alipomleta mke mwingine na kutangaza kwamba chumba ni kidogo, wazee wa mtaa waliketi, wakanywa chai aliyoipika Mama Nguzo, wakaona kwamba nyumba ni ya Fundi, maana kila mtu anaiita kwa Fundi. Mama Nguzo akakusanya vikombe, akaviosha, akahama.

Tangu hapo hakumsemesha tena mumewe wa zamani. Kwa kuwa walifanya kazi karakana moja, hilo lilihitaji mtu wa tatu, na mtu huyo alikuwa mchomeleaji, jamaa mpole aliyekuwa na kazi zake za kutosha.

"Mwambie huyo aondoe msumeno wake kwenye magogo yangu," Mama Nguzo alikuwa akisema, Fundi akiwa amesimama pale pale.

"Fundi, msumeno," mchomeleaji alisema.

"Nimesikia. Mwambie magogo si yake, ni ya bosi."

"Mama, anasema..."

"Sina uziwi."

Ndivyo walivyoishi, hadi ilipoletwa boti ya starehe ya tajiri mmoja ambaye hawakuwahi kumwona. Ilikuwa na ghorofa. Nyuma kabisa, upande wa tezi, palikuwa na sebule iliyozungushiwa ukuta wa vioo na milango ya kuteleza, na juu ya sebule ndipo ilipokaa sitaha ya juu, mahali ambapo tajiri na wageni wake walilala juani kwa hiari yao. Ukuta huo wa vioo ulikuwa umeoza. Mbao zilizofichwa ndani ya faiba, lile ganda gumu la boti, zilikunywa maji taratibu hadi zikawa kama mkate uliosahauliwa ndani ya kikombe. Ilibidi ukuta wote utolewe, ujengwe mwingine.

Kuutoa si shida. Shida ni kwamba ukuta huo mbovu ndio ulioibeba sitaha ya juu.

Bosi aliwaita wote wawili. "Fundi, wewe unatoa ukuta wa zamani, unaweka mpya. Mama, wewe unaishika sitaha isishuke wala isipande wakati ukuta haupo. Ikicheza tu, faiba inapasuka kwenye kona, na mimi siwezi kumwambia mwenye boti habari hiyo. Ikicheza, Mama, hapa kwangu basi tena. Tumeelewana?"

"Na ikicheza kwa mkono wa mtu mwingine?"

"Mimi nitaangalia sitaha, sitaangalia mkono."

Mama Nguzo akaelewa. Hakukuwa na karakana nyingine pale bandarini ambayo ingemchukua mwanamke wa umri wake kubeba magogo, na kodi ya chumba alichopanga haikuwa na habari ya huruma.

Kwanza aliagiza kila kitu kilichokaa juu kiteremshwe: boti ndogo ya mpira, friji, viti, hadi magodoro. Kisha akapiga magoti sebuleni, akaanza kugonga sakafu kwa vifundo vya vidole, sikio karibu, kama mtu anayebisha hodi kwa jirani mgonjwa. Chini ya sakafu ile palikuwa na injini na vifuniko vyake, na nguzo ikisimamishwa juu ya kifuniko itatumbukia na kila kilicho juu yake. Alitafuta mbavu za boti. Palipojibu kwa sauti nzito aliweka alama ya chaki. Juu ya alama akalaza ubao mpana, ili uzito usikae mahali pamoja. Darini akapandisha boriti, akaivisha kipande cha zulia kuukuu isikwaruze rangi. Kati ya ubao na boriti akasimamisha nguzo zake, na chini ya kila nguzo akaingiza kabari mbili zinazotazamana, akazigonga huku na huku kwa nyundo ya mbao.

Hapo ndipo palipokuwa na siri ya kazi yenyewe. Nguzo haitakiwi kusukuma. Inatakiwa iguse tu, ingoje. Ukuta ukiondoka uzito utakuja wenyewe, hauhitaji kuitwa.

Fundi alimtazama kazi yote hiyo akiwa amesimama nje, pale ambapo hakuna kitu juu ya kichwa chake.

"Mwambie," alimwambia mchomeleaji, "nguzo hizi si chache?"

"Mama, eti si chache?"

"Mwambie zinatosha."

"Mwambie mimi ndiye nitakayekaa chini yake."

"Mwambie najua."

Mchomeleaji aliona lile "najua" halikukaa vizuri, akaenda kuchomelea.

Karakana nzima ikapata la kusema. Wapaka rangi walimuuliza Fundi kama amekwisha kuaga nyumbani. Mmoja alimpima urefu kwa kamba. Fundi alicheka nao, lakini alipoanza kuukata ukuta alikuwa akikata kidogo, anatoka, anatazama juu, anarudi. Kazi ya asubuhi ilimaliza siku nzima. Ukuta ulipotoka na sitaha ikabaki imekaa juu ya nguzo peke yake, hakuna kilicholia. Mama Nguzo alizunguka akashika kila nguzo, akaikuta imebeba, akaenda zake.

Kesho yake mkewe Fundi alikuja na chakula cha mume wake. Kabla ya kumpa, alimfuata Mama Nguzo nyuma ya rundo la mbao.

"Dada, samahani. Shikamoo."

"Marahaba."

"Hiyo kitu... haitaanguka?"

"Haitaanguka."

"Kweli, dada? Maana hata usiku halali. Anageuka geuka tu."

"Mdogo wangu," alisema Mama Nguzo, "huyo mtu nimelala naye miaka kumi na tisa chini ya mabati niliyoyapigilia mwenyewe. Kama nilitaka kitu kimwangukie, nafasi nilikuwa nayo. Unalala chini ya mabati hayo hayo wewe. Yamewahi kuvuja?"

"Hapana."

"Basi."

Mwanamke yule aliondoka akiwa hajui kama ametulizwa au ametukanwa. Na kwa kweli Mama Nguzo mwenyewe hakuwa ameamua.

Inaonekana Fundi hakutulia hata kwa maneno hayo. Siku iliyofuata Mama Nguzo alifika mapema, akapanda kwenye boti, akashika nguzo ya kwanza kama kawaida yake. Ikazunguka mkononi. Akashika ya pili, nayo ikazunguka, nyepesi, kama mwiko ndani ya sufuria tupu. Nguzo zake hazikuwa zimebeba kitu.

Akainua macho. Kati ya nguzo zake zilisimama nyingine ambazo hakuziweka: mbao mpya za seremala, zimepigiliwa misumari ya ziada, na chini yake kabari zilizogongwa kwa nguvu zote za mtu mwenye hofu. Fundi alikuwa amebaki jana baada ya wengine kuondoka, akajiwekea nguzo zake. Zilikuwa zimeinua sitaha. Si sana, unene wa kidole kidogo hivi, lakini kwenye kona ya mbele faiba ilikwisha kuanza kuonyesha mstari mweupe, mwembamba kama unywele. Bado haijapasuka. Hivyo ndivyo faiba inavyokuambia kwamba inafikiria kupasuka.

Kwenye sakafu palikuwa na alama za penseli. Fundi alikuwa amekwisha kuchukua vipimo vya fremu mpya, kutoka sakafuni hadi dari iliyoinuliwa.

Mama Nguzo alikaa juu ya ndoo. Aliona yote yatakavyokwenda. Fundi atakata fremu ndefu kupita kiasi, ataisimamisha, nguzo zitatolewa, na sitaha itabaki imenyanyuliwa hadi kona ipasuke. Milango mipya haitateleza. Fundi ataaibika mbele ya karakana nzima, na hilo lilikuwa jambo zuri, akalifurahia kidogo pale juu ya ndoo. Kisha bosi atatazama sitaha, hatatazama mkono.

Fundi akaingia na fremu begani, ile ya kwanza, tayari kuikata.

"Umeinua," alisema Mama Nguzo.

Fundi akageuka nyuma kumtafuta mchomeleaji. Mchomeleaji hakuwepo.

"Nakwambia wewe. Umeinua sitaha. Njoo ushike hii."

Fundi alishika nguzo ya Mama Nguzo. Ikazunguka. Alikuwa fundi, si mjinga. Hakuhitaji kuambiwa mara ya pili. Akatazama kona, akaona ule mstari. Akaitua fremu chini polepole.

"Niliongeza tu kwa usalama," alisema.

"Usalama wa nani?"

Fundi alipapasa kichwa cha msumari mmoja kwenye nguzo zake.

"Toa kabari zako," alisema Mama Nguzo.

"Nitoe mimi?"

"Ulizigonga wewe. Mimi zako sizigusi."

"Wewe je, utakaa wapi?"

"Hapa hapa," alisema Mama Nguzo, naye akaingia chini ya sitaha, akasimama kando yake, mkono juu ya nguzo yake mwenyewe.

Fundi akapiga magoti, akagonga kabari ya kwanza. Juu yao kitu kizito kikashusha pumzi. Fundi alijikunja, akafunika kichwa kwa mikono miwili. Akakaa hivyo. Mama Nguzo alisubiri.

"Endelea," alisema.

Akaendelea. Kila kabari ilipotoka, sitaha ilishuka kidogo ikalia, naye akajikunja tena, na kila mara ikakaa juu ya nguzo za mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimtoa nyumbani kwake. Ya mwisho ilipotoka, Mama Nguzo alizijaribu zake moja moja. Hakuna iliyozunguka. Ule mstari mweupe pale kwenye kona ukafifia, kisha ukapotea.

Fundi alifuta jasho kwa mkono wa shati. "Ungeweza kuninyamazia," alisema. "Nisingejua hadi mwisho."

"Ningekunyamazia ningefukuzwa kazi. Wewe si wa kupotezea kazi."

Fundi akafuta alama zake za penseli, akapima upya.

Ukuta mpya ulisimama, vioo vikaingia, milango ikateleza kwa kidole kimoja. Mama Nguzo alilegeza nguzo zake, kila moja kidogo kidogo, na sitaha ikajikalia kwenye ukuta wake kama vile haijawahi kuondoka. Bosi alipita, akafungua mlango, akaufunga, akatazama kona.

"Hongera, Fundi. Kazi safi." Kisha akageuka. "Mama, magogo yako yanaziba njia. Jumatatu kuna boti nyingine, kubwa kuliko hii. Utaiweza?"

"Nitaiweza. Lakini anayefanya kazi chini ya nguzo zangu asiongeze zake."

"Nani aongeze? Nani ana wazimu huo?"

Fundi alikuwa anapanga misumari yake kwenye boksi, mmoja mmoja. Mama Nguzo hakumtaja. Alibeba gogo la kwanza begani, akateremka ngazi, akaenda kuitazama ile boti kubwa, na njiani alikuwa akijiuliza kama mbao pana alizonazo zitatosha.