Maua Yaliyoninyima Usangu

Leo nimepanda Mlima Loleza hadi kileleni, na sikuona kitu!

Msimu mzima wa kuchuma pareto nimekuwa nikijiuliza kama Usangu, bondeni alikobaki mama na ng’ombe wetu, kunaonekana kutoka kule juu.

Basi leo mapumziko, nikapanda na dada Anyisile, mchumaji mwenzangu.

Njiani tukakuta maua meupe kama ya pareto. Mikono yangu ikaanza kuyachuma yenyewe.

“We Kabula, leo Jumapili! Mnyapara hayupo!” Dada akacheka, akatangulia.

Nafika kileleni na khanga imejaa maua, ukungu umeshafunika kila kitu.

“Umechelewa kidogo tu, mdogo wangu. Nimeona hadi vumbi la ng’ombe wenu.”

“Upande gani?”

Akanyoosha kidole kwenye ukungu. Nikaangalia huko huko mpaka tuliposhuka.

Jamani, mikono yenu huwa inajua siku ya mapumziko?