Mama Ziba na Chumba cha Kupimia Sauti

Asubuhi ile mke aliamka kwanza, kama kawaida, akamwambia mzee wake kuwa amekoroma usiku kucha.

"Ungekuwa mashine ya hewa ungeshafeli," alisema. "Ningekutia kwenye sanduku la sponji."

"Nitie."

"Sanduku lenyewe lingeomba likizo."

Akacheka peke yake. Akamimina chai, akasugua bega la kushoto, akalaumu mto. Mzee akasema utanunuliwa mwingine. Mke akabeba mkoba, akamkumbusha kufungua dirisha la jikoni, akatoka. Hawakuagana. Watu waliozeeka pamoja huagana kwa kukohoa mlangoni.

Kazini walimwita Mama Ziba, na jina lilimkaa kuliko alilopewa na wazazi. Maabara yao inapima kelele za mashine za kubadilisha hewa. Mashine hizo hutoa hewa nzito ya ndani na kuvuta safi ya nje, na joto la ile inayotoka huachiwa ile inayoingia, lisipotee bure. Watu wanazitaka, ila hawataki zingurume juu ya kitanda. Basi wenye viwanda huzifungia vizuia sauti, masanduku yaliyotandikwa sponji, kisha huzileta zipimwe, ijulikane kama sanduku linameza kelele kweli au ni maneno ya muuzaji.

Chumba cha kupimia kina kuta nene na milango miwili, mmoja nyuma ya mwenzake. Mashine hutundikwa ndani, maikrofoni zikasimama pande zote. Kila tundu linalopitisha bomba huzibwa kwa udongo laini wa kijivu. Hapo ndipo palikuwa pake. Sauti ni kama panya, alikuwa akisema. Ukimwachia upenyo wa kidole, kaingia na ukoo wake wote.

Alianza pale akifagia. Mzibaji wa zamani alipoacha kazi, wakamjaribu yeye, naye hakurudi tena kwenye ufagio. Ule udongo haukumtoka vidoleni. Harusi ya binti yao ilipokaribia alivilowesha kwenye mafuta tangu jana yake, vikakataa kutakata. Kwenye picha kaficha mikono nyuma kama mwizi wa kuku.

Akirudi nyumbani alitaka kelele. Redio, sufuria, jirani, chochote.

"Kutwa niko kwenye kimya, nikirudi nakukuta wewe," alimwambia mzee. "Nimeolewa na chumba kingine."

Mzee hakujibu. Mke akasema, "Si mnaona?" ingawa walikuwa wawili tu.

Kwenye mlango wa chumba kile pana msumari. Anayeingia hutundika kibao chake chenye jina, anayetoka hukichukua. Msumari ukiwa mtupu, taa nyekundu ya kipimo huwashwa, na taa ikiwaka hata bosi hagongi. Lakini Mama Ziba alikuwa akitoka na mikono imejaa udongo, kwa hiyo mwenzake wa kazi alizoea kumchukulia kibao. Mwenzake huyo walimwita Nukta, kwa sababu hata bei ya nyanya aliitaja kwa nukta. Aliona ni adabu kumpokea dada kibao. Naye dada aliona hivyo hivyo.

Siku ile ya kulaumu mto alitoka, Nukta akakichukua kibao, akaenda zake chumba cha kompyuta. Mama Ziba akageuka akarudi ndani. Baadaye waliukuta udongo wa bomba moja umekandwa upya, ikajulikana ndio uliomrudisha. Milango ile ni mizito, hujifunga yenyewe. Taa nyekundu ikawashwa.

Kabla ya mashine kuwashwa, hupimwa kwanza kimya cha chumba. Namba zikapanda kidogo. Nukta akasema labda lori limepita. Hakuna aliyesikiliza, wao hutazama namba, sauti hujihifadhi yenyewe kwenye kompyuta. Wakapima tena. Zikashuka, zikatulia vizuri. Wakawasha mashine, wakaendelea mpaka mwisho.

Walipofungua, alikuwa ameketi sakafuni, mgongo ukutani, kisu cha kuzibia mapajani.

Daktari alisema ni moyo. Alisema huenda hata wangefungua mapema isingesaidia. Hiyo "huenda" ilimfuata mzee mpaka nyumbani, ikalala upande wa mke.

Waombolezaji wakaja, wakasema pole, amepumzika. Mzee alishukuru. Alitaka kujua jambo moja tu: aliita wasimsikie? Aliogopa kumuuliza mtu, maana hakuna aliyekuwamo.

Baada ya mazishi Nukta alikuja. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mzee mbele yake, binti mlangoni.

"Shemeji," alisema, "vipimo vilivyoharibika hufutwa kila mwisho wa mwezi. Kile cha siku ile kitafutwa kesho. Sauti ya dada imo."

"Umeisikia?"

"Mara moja. Sitarudia."

"Aliita?"

Nukta alitazama viatu vyake. "Sijui niiteje, shemeji. Ukitaka, bosi amekubali uje."

"Baba, usiende," binti alisema. "Utabaki na hiyo, hizo nyingine zote zitafutika."

"Nyingine ninazo," mzee alisema. "Hiyo ndiyo sina."

"Na ikiwa alikuwa anakuita wewe?"

"Basi niitike."

Binti akalia. Kisha akaenda kumtafutia baba yake shati safi.

Maabara ilikuwa ndogo kuliko alivyoifikiria. Msumari ulikuwepo, na chini yake walikuwa wamebandika karatasi mpya: kila mtu achukue kibao chake mwenyewe. Nukta alipita pale bila kuinua macho. Akamkalisha mzee mbele ya kompyuta, akamvalisha vifaa vya masikioni, akabonyeza, kisha akatoka nje ya chumba.

Kwanza palikuwa na kimya. Hakikuwa kama cha nyumbani. Hiki hakikuwa hata na saa ya ukutani. Kisha nguo ikaburuzika ukutani, polepole, kushuka. Pumzi. Nyingine. Mzee alishika meza. Alingoja mayowe, alikuwa amejikaza kwa ajili ya mayowe.

Hayakuja. Ikaja sauti ya chini, ya mtu asiyetaka kuwaharibia wenzake kazi, mtu aliyekuwa na hakika kwamba upande wa pili wanasikia:

"Msihangaike, nimekaa kidogo tu. Mkimaliza kupima, mmoja wenu aje anishike mkono."